Shajara ya mradi wa mikwaruzo: dogo, kalamu, na mi kujifunza kukaa mbali

Siku ya 1

Naanza kuandika hii leo kwa sababu nisipoandika nitasahau, na pia kwa sababu jana nimefanya ujinga. Nimeprinti karatasi kumi na mbili za herufi za nukta nukta, zile mtoto anapitisha kalamu juu ya nukta mpaka herufi itokee, nikamkalisha dogo mezani (ana miezi 26), nikamshika mkono tukaanza na A. Dakika ya pili analia, ya tatu karatasi iko chini ya meza, ya nne anaitafuna kalamu. Dada'ke ana miaka minne na nusu, alikuwa kasimama mlangoni anatuangalia tu, akaniambia "Baba, huyu bado mdogo" kwa sauti ya mtu mzima kabisa afu akaenda zake.

Basi mradi nimeugeuza. Lengo la kwanza lilikuwa aandike jina lake akifika miaka mitatu, hilo nimelipiga mstari, bado linasomeka kwenye daftari lakini nimelipiga mstari. Lengo jipya ni kwamba kila siku apate mchezo mmoja wa kuacha alama kwenye kitu, kitu chochote, na mi nisimshike mkono. Hilo la mkono ndo litanitoa jasho, najijua.

Hali ya kuanzia, ili baadaye nisije nikajidanganya: kalamu anaishika kwa ngumi nzima. Anachora kwa bega, yani mkono wote unaenda na kurudi kama mtu anayepiga deki. Mara kulia mara kushoto, anavyojisikia. Muda wa kukaa na kalamu nimeupima, sekunde arobaini.

Siku ya 3

Usiku nimekaa kusoma kuhusu mkono wa mtoto na aisee nimejionea aibu. Kifundo cha mkono cha mtu mzima kina mifupa midogo 8. Mtoto anapozaliwa hakuna hata mmoja ambao umeshakuwa mfupa, yote ni gegedu, kitu laini kama cha sikioni. Miwili inaanza kugeuka mfupa ndani ya miezi michache ya kwanza, wa tatu unakuja kwenye miaka miwili mitatu hivi, mingine inafuatana mmoja mmoja mpaka kwenye miaka sita, na kale ka mwisho upande wa kidole kidogo kanaweza kungoja mpaka miaka 8 hata 12. Kwa hiyo mi juzi nimekamata mkono wenye mifupa miwili, labda mitatu, kati ya 8, nikauambia uandike A.

Na A yenyewe! Watoto wengi wanaweza kuiga mstari wa wima wakiwa kwenye miaka miwili, wa mlalo miwili na nusu, duara mitatu, msalaba karibu na minne, mraba baada ya hapo, na pembetatu ni mpaka mitano hivi maana mstari wa mshazari ndo mgumu kuliko yote. Sasa iangalie A, mishazari miwili inayokutana kichwani na kamstari katikati. Hii herufi imekaa ya kwanza kwenye abechede lakini kwa mkono wa mtoto si ya kwanza hata kidogo, imewekwa pale na watu wazima.

Kingine nilichokitoa humo ni kwamba nguvu ya mkono inaanzia karibu na mwili ikienda mbali, bega kwanza, kiwiko, kifundo, vidole mwisho. Ile "kupiga deki" yake kumbe ndo hatua yenyewe aliyopo, mi niliiona kama kasoro.

Wiki ya 1

Nimefungua boksi kubwa nikalitandaza sakafuni, likashika karibu nusu ya sebule, nikaweka kreyoni juu yake nikaondoka kwenda kukaa kwenye kiti kama sina habari. Akaja. Akachora amesimama, akachora amekaa, akalala kifudifudi akachora akiwa kalala. Dakika sita! Karatasi ya mezani ilikuwa inamwambia asitoke nje ya mstari, boksi halina nje.

Kosa la wiki: nilisoma mahali kwamba kreyoni fupi inamlazimisha mtoto kutumia vidole badala ya ngumi, ni kweli kabisa maana ngumi haina pa kukamata, nikavunja kreyoni vipande vipande nikampa. Nageuka narudi shavu limevimba upande mmoja. Nikakitoa kile kipande kwa kidole, hakikuwa kimeenda popote, lakini moyo ulinidunda mpaka usiku. Kitu chochote kidogo kinachoweza kupita kwenye tundu la lile boksi la karatasi ya chooni (ule mrija wa ndani) mtoto chini ya miaka mitatu asipewe. Vipande nimemwekea dada'ke juu kabatini, dogo nimempa chaki zile nene za kuchorea sakafuni, hizo zikiwa nzima hazimezeki.

Mara nilizomshika mkono wiki hii: 9. Naziandika kwa vijiti nyuma ya daftari.

Wiki ya 2

Maji. Sijui kwa nini sikuanza na maji.

Brashi pana ya kupakia rangi, ndoo yenye maji kidogo chini kabisa, ukuta wa nje. Basi. Anapaka, ukuta unakuwa mweusi pale alipopita, anaona alama yake kubwa kuliko yeye mwenyewe. Na kwa kuwa ukuta umesimama, mkono unanyanyuka, bega linafanya kazi, na kifundo kinakunjika kwa nyuma chenyewe, ule mkunjo ambao mtu anauhitaji akiandika. Hujamfundisha kitu, ukuta ndo umefundisha.

Ila kilichonikamata mi ni jambo lingine. Siku ya kwanza alipaka mstari mrefu, akaenda kuchovya, akarudi, jua limeshaukausha. Akasimama. Akaugusa ukuta. Akaangalia nyuma yangu kama nimeuchukua mimi. "Menda!" Akapaka tena palepale akakaa chini kuusubiri uondoke, na ulipoanza kufifia akaupungia mkono. Tumekaa pale muda mrefu tu, yeye anapaka na kuaga, mi nimekaa kimya kwa mara ya kwanza tangu mradi uanze, sikusema "hii ni l" wala nini. Baadaye ndo nikawaza kwamba kwenye karatasi alama inabaki, na mtoto hajui bado kama kubaki ni jambo la ajabu, mpaka aone isiyobaki.

Ndoo naimwaga tukimaliza na siondoki ikiwa na maji, hata yakiwa ya vidole viwili tu. Mtoto wa umri huu akitumbukia kichwa kwenye ndoo hawezi kujitoa, na maji kidogo sana yanatosha kumzamisha.

Wiki ya 3

Kachora ukuta wa ndani. Kwa kreyoni. Nyekundu. Kwa upande wake ni sawa, wiki nzima tulikuwa tunampigia makofi kwa kuchora ukuta, nani kamwambia ukuta wa nje na wa ndani ni watu wawili tofauti? Mama watoto hakucheka. Nimebandika karatasi kubwa mlangoni kwa selotepu, usawa wa kifua chake, sasa kuna "ukuta wa dogo" na kuta za watu. Anakosea mara moja moja. Mi pia nimesugua kuta sana wiki hii.

Wiki ya 4

Wiki ya mikono bila kalamu. Nimegundua nusu ya kuandika haihusiani na kuandika, ni vidole kupata nguvu na kila kimoja kujua kazi yake.

Udongo wa kuchezea tumekoroga wenyewe, unga vikombe viwili, chumvi kikombe kimoja, maji unaongeza taratibu mpaka ushikane. Kuufinya, kuuviringisha uwe nyoka, kuutoboa kwa kidole cha shahada. Chumvi yote hiyo si ya kula, akionja kidogo akakunja uso yataisha lakini usimwachie akawa anameza mabonge. Vibanio vya nguo alivishindwa mwanzo, siku ya tano akabana kimoja kwenye pindo la shati langu bila mi kujua nikatoka nacho mpaka nje. Sponji kwenye beseni, kukamua.

Lakini mchezo ulioshinda yote ni kuchana karatasi. Kuchana ni kazi nzito ukiangalia, mkono mmoja unavuta huku mwingine unavuta kule, vidole gumba viko juu, mikono miwili inafanya vitu viwili tofauti kwa wakati mmoja, na ndo hivohivo baadaye mkono mmoja utashika karatasi isiteleze na mwingine utaandika. Nikamletea karatasi. Unajua zipi. Zile kumi na mbili za nukta nukta. Kazichana zote kwa furaha ambayo sijawahi kuiona usoni kwake, A mpaka L, afu tukazibandika vipande kwenye boksi. Hela ya wino haikupotea kumbe.

Kumshika mkono: 3.

Wiki ya 5

Mafua. Hakuna kitu.

Wiki ya 6

Dada mtu kafungua duka chini ya meza. Anauza vijiko, viatu vyetu, na paka wa kitambaa. Kila ukinunua anakuandikia risiti, anaandika herufi za jina lake kwa kuzipanga upya kila mara, na bila risiti hutoki dukani. Dogo kaangalia siku mbili. Ya tatu kaja na kikaratasi chake, kachora vimikwaruzo vidogo vidogo, si vile vikubwa vya boksi, vidogo vya kwenda upande, akanipa. "Nandika."

Hapo nilitaka kurukaruka. Nikamuuliza umeandika nini? "Maji." Nikaenda kumwita mama'ke, nikamuuliza tena, "Paka." Nikamuuliza mara ya tatu, akaninyang'anya.

Na hii ndo habari ya wiki, tena si nzuri. Kila alipoandika nilikuwa namuuliza, hii nini, umeandika nini, soma tuone. Kufika Ijumaa akawa ananipita, kikaratasi anampelekea dada'ke. Nikajificha nyuma ya kochi kuangalia dada'ke anafanya nini tofauti. Hamuulizi chochote! Anakipokea, anakiangalia kwa makini kabisa, anasema "Sawa, viatu viwili, lete hela", dogo anampa majani makavu, biashara imeisha. Yeye anajibu, mi nasahihisha. Mtu ukimwandikia barua afu badala ya kujibu akakuuliza "haya niambie hapa umeandika nini" na wewe si utaacha?

Maana ya alichoandika kubadilika mara maji mara paka ni kawaida kwa umri wake, mkwaruzo kwake bado haujafunga neno moja ndani, una ile anayoitaka wakati huo. Mkubwa ndo anayetaka ikae.

Wiki ya 8

Kidogo kuhusu dada mtu maana naye kaingia kwenye mradi bila kuombwa. Kuna mtafiti anaitwa Emilia Ferreiro, alizaliwa Argentina akafanya kazi miaka mingi Mexico, yeye na mwenzie Ana Teberosky walionesha kwamba watoto kabla hawajafundishwa kusoma wanakuwa na nadharia zao wenyewe kuhusu maandishi, mojawapo kwamba kitu kikubwa kinatakiwa kiandikwe kwa herufi nyingi. Nikasema ngoja nijaribu. Kiswahili kimenipa mfano kama kimetegwa makusudi: nikaandika SISIMIZI na TEMBO, nikamwambia moja ni sisimizi moja ni tembo, nioneshe tembo. Bila kusita kaweka kidole kwenye SISIMIZI. Kwa nini? "Si tembo ndo mkubwa."

Nikazisoma taratibu, si-si-mi-zi, te-mbo, tukapiga makofi, manne, mawili. Akakunja uso. Akasema basi aliyeandika kakosea. Sikubishana naye, mtu mwenye hoja kama hiyo unamwacha nayo wiki mbili tatu aichoke mwenyewe.

Dogo wakati huo alikuwa anapiga makofi yake hovyo, mengi tu, kwa sisimizi na kwa tembo na kwa hakuna.

Wiki ya 9

Trei ya mchanga. Mchanga mkavu, trei ya kina kifupi, kidole. Ukikosea unatikisa, umefutika. Nikajifanya mjuzi nikatengeneza na herufi ya kukwaruza, gundi kwenye boksi nikanyunyizia mchanga juu, herufi ya kwanza ya jina lake. Wazo si langu, Maria Montessori alikuwa anawapa watoto herufi za karatasi ya msasa kwenye nyumba ya watoto aliyoifungua Roma mwaka 1907, wanazipitishia vidole viwili mkono ujifunze njia kabla ya kalamu. Ila wale walikuwa wakubwa kuliko huyu wangu. Huyu kaikwangua mchanga wote na kucha mpaka ikabaki gundi. Nimeiona tena ile tamaa ya herufi, inarudi kwa mlango wa nyuma na sura ya mchezo. Trei inabaki, herufi imeenda kabatini na vile vipande vya kreyoni.

Wiki ya 10

Mshiko umebadilika! Sikuona siku yenyewe, ilibidi niangalie video za nyuma. Si ngumi tena, sasa kalamu inatoka chini ya kiganja na vidole vyote vinaangalia chini kuelekea karatasi, kidole cha shahada kimenyooka juu yake. Bado mkono unaenda wote. Ule mshiko wa vidole vitatu tunaoutumia wakubwa unakuja kwenye miaka minne, na vidole kucheza vyenyewe huku mkono umetulia ni baadaye hata ya hapo, kwa hiyo sirekebishi kitu. Niliwahi kuona mtu anamkunja mtoto vidole kimoja kimoja kama anafunga kamba za viatu. Siwezi kumcheka, wiki kumi tu zilizopita nilikuwa huyohuyo.

Kulia inazidi kushoto, labda mara saba kwa kumi. Chaki naziweka katikati mbele yake, si upande wowote, achague.

Wiki ya 11

Wageni walikuja. Nikasema dogo waoneshe unavyochora. Hakutaka. Nikamkamata mkono. "Baba acha!" mbele ya watu wote. Kijiti: 1. Sina la kuongeza.

Wiki ya 12

Mvua na barabara. Nachora wingu juu ya karatasi ya mlangoni, yeye analeta mvua, mistari ya wima kutoka juu kushuka, "shuuu". Hiyo alishaipata. Mpya ni barabara: gari moja la kuchezea huku, nyumba ya boksi kule, chaki sakafuni, gari linataka kufika nyumbani. Mwanzo barabara ilipita nyumba, ikapita mlango, ikaenda mpaka jikoni. Kumbe kuanza mstari si kazi, kazi ni kuusimamisha! Sikuwahi kuliwaza hilo maishani, sisi tunasimamisha kalamu bila kujua tumeisimamisha. Dada'ke akawa askari, anakaa mwisho wa barabara na kiganja mbele, "simama!", na kwa askari dogo anasimama, kwangu hasimami. Alhamisi barabara ikaishia mlangoni pa nyumba bila askari. Mlalo, kiasi cha mkono wangu, kapinda kidogo katikati kama alikutana na shimo.

Mizunguko nayo imeanza, anazungusha zungusha kama anayekoroga, haijafunga kuwa duara. Miezi 29 sasa. Haina haraka.

Wiki ya 14

Jumatatu asubuhi navaa kiatu, ndani kuna karatasi imekunjwa kunjwa. Mikwaruzo ya bluu, midogo, ya kwenda upande, na mzunguko mmoja. Hakuwepo hata karibu, alikuwa anacheza na beseni lake. Mdomo ulishafunguka kumuuliza, nikaufunga.

Nikachukua kalamu nikachora chini yake gari, nikaandika "nakuja jioni", nikakikunja vilevile nikakiweka ndani ya kiatu chake.

Jioni kiatu changu cha ndani kina karatasi. Nikajibu. Jumanne mbili. Jumatano dada'ke akataka kuwa posta, sasa hakuna barua inayopita bila yeye kuigonga muhuri kwa kipande cha sponji, na akichelewa dogo anamlilia mlangoni "baua! baua!". Mpaka leo zimeenda tisa. Ya leo ina tundu katikati maana kaandika kwa nguvu juu ya zulia kalamu ikatoboa, nimekuta anachungulia kwenye tundu kuniangalia mimi.

Selotepu imeisha, kesho ninunue. Na viatu vyangu vingine viwekwe juu, kaanza kumwandikia kila mtu.